Kadya Molodowsky: Sala ya Mwalimu wa Mtaa wa Dzika

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, chukulia kwamba umeingia darasani na shairi ambalo nafsineni yake inamsihi Mungu achague watu wengine kuwa wake. Haiombi mvua, mali wala maisha marefu. Inaomba jina la watu wake litolewe katika orodha ya wateule, kwa kuwa gharama ya kuteuliwa imewashinda. Kabla hujamaliza kulisoma, mkono utainuka nyuma ya darasa: “Mwalimu, huyu si anakufuru?” Utalijibuje swali hilo?

Shairi lenyewe linaitwa El Khanun, yaani Mungu wa rehema. Lilitungwa kwa lugha ya Kiyidi na Kadya Molodowsky, mshairi wa Kiyahudi aliyezaliwa chini ya himaya ya Urusi, akafanya kazi mjini Warsaw nchini Poland, kisha akahamia Marekani mwaka 1935. Ni mojawapo ya mashairi yake yanayofahamika zaidi nje ya lugha yake, na huenda ndiyo sababu husomwa vibaya. Wengi hulikuta peke yake katika mkusanyiko wa mashairi. Wanaelezwa kwamba ni shairi la wakati wa mauaji ya halaiki ya Wayahudi wa Ulaya, kisha wanakata shauri upesi: ama ni kilio cha mtu aliyepoteza imani, ama ni hati ya historia iliyoandikwa kwa beti.

Makala haya yanapinga hukumu zote mbili. Rai yetu ni kwamba El Khanun ni sala, tena sala ya mwalimu. Kinaya kilichomo hakiwezi kueleweka bila kupitia kazi zilizolitangulia, yaani tungo za watoto wa mtaa maskini wa Warsaw na mfululizo wa mashairi kuhusu wanawake. Anayezisoma kazi hizo kwanza ataona kwamba sauti inayomlaumu Mungu mwaka 1945 haikuzuka ghafla. Ilikuwa ikijifunza kusema kwa muda wa miaka 20.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukiri mpaka wa uhakiki wetu. Tunamsoma mshairi huyu kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Kathryn Hellerstein, Paper Bridges, iliyochapishwa mwaka 1999. Kwa hivyo hatutatoa hukumu kuhusu vina na mizani yake. Tutashughulikia mambo ambayo tafsiri nzuri huweza kuyavusha, nayo ni nafsineni, taswira, toni na mpangilio wa hoja.

Maisha ya mshairi

Molodowsky alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Bereza Kartuska, ambao leo uko nchini Belarus. Babake alikuwa mwalimu wa wavulana katika chuo cha kidini, na alimfunza bintiye Kiebrania na Maandiko, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa msichana wa jamii hiyo. Nyanya yake ndiye aliyemfundisha kusoma Kiyidi. Tangu utotoni, basi, alikuwa na lugha mbili za nyumbani: moja ya wanaume, ya vitabu na ibada, nyingine ya wanawake, ya jikoni na sokoni. Alichagua kuandika kwa hii ya pili.

Kiyidi ni lugha ambayo msingi wake ni Kijerumani, iliyochukua msamiati mwingi wa Kiebrania na wa lugha za Kislavoni, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10. Hata hivyo, wasomi wengi waliidharau kuwa lahaja chafu isiyo na sarufi. Mwalimu wa Kiswahili anayekumbuka dhana potovu zilizowahi kuenezwa kuhusu lugha yetu hatashangaa.

Molodowsky alipata cheti cha ualimu akiwa kijana, kisha akaenda Warsaw kusomea malezi na elimu ya watoto wadogo chini ya Yehiel Halperin. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, aliwafundisha watoto wa wakimbizi nchini Ukraine. Alikuwa Kiev wakati Wayahudi waliposhambuliwa na kuuawa katika ghasia za 1919, naye akanusurika. Mashairi yake ya kwanza yalichapishwa katika mji huohuo mwaka 1920. Mwaka 1921 aliolewa na Simkhe Lev, na wawili hao wakahamia Warsaw. Huko alifundisha mchana katika shule zilizotumia Kiyidi na jioni katika shule nyingine ya jamii ya Kiyahudi, huku akiandika. Diwani yake ya kwanza, Kheshvendike nekht (Usiku wa mwezi wa Heshvan), ilitoka mwaka 1927. Dzshike gas (Mtaa wa Dzika) ilifuata mwaka 1933.

Alipofika New York mwaka 1935 alikuwa na umri wa miaka 41 na jina kubwa katika fasihi ya Kiyidi. Alichapisha diwani ya In land fun mayn gebeyn (Katika nchi ya mifupa yangu) mwaka 1937, na mwaka 1943 akaanzisha jarida la fasihi lililoitwa Svive. Baada ya vita aliishi kwa muda nchini Israeli, ambako alihariri jarida la wanawake wafanyakazi, kisha akarejea New York mwaka 1952. Alitunukiwa Tuzo ya Itzik Manger mwaka 1971. Alifariki mjini Philadelphia mwaka 1975.

Sasa hapa pana mtego. Sisi walimu hupenda kuyapanga maisha ya mwandishi ubaoni, kisha tukayavuta mashairi yake yaje kuthibitisha mpangilio huo. Neno “mimi” likitokea katika ubeti, tunaandika jina la mshairi pembeni. Molodowsky anatukataza kufanya hivyo, kama tutakavyoona. Ukweli mmoja tu wa maisha yake ndio tutakaoushikilia katika makala haya: alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Tunaushikilia kwa sababu umo ndani ya mashairi yenyewe.

Watoto wa mtaa

Dzika ulikuwa mtaa katika eneo la Wayahudi mjini Warsaw. Wakazi wake wengi walikuwa watu wa kipato kidogo: mafundi, wachuuzi, wapagazi na wafuaji wa nguo. Watoto wao ndio waliokuwa hadhira ya kwanza ya tungo za watoto za Molodowsky. Yafaa tutilie mkazo neno hadhira. Mwandishi wa watoto ambaye pia ni mwalimu hupata hukumu ya kazi yake kabla ya mhakiki yeyote kuifikia, kwa maana mtoto asipopendezwa hugeuza uso akaanza kucheza.

Tazama vitu vinavyojaa katika tungo hizo. Kuna koti lililoshonwa kwa ajili ya mtoto mmoja, likarithiwa na mwingine, na mwingine tena, kadiri wanavyokua. Kuna beseni la kufulia nguo. Kuna viatu vidogo. Kuna msichana aitwaye Olke, mwenye mwavuli wa buluu, ambaye ndoto zake za mchana hugongana na kazi za nyumbani anazotakiwa kufanya. Vyote ni vitu vya nyumba maskini, na mshairi havisikitikii. Koti linalorithiwa ni ushahidi wa umaskini, lakini katika masimulizi linakuwa mhusika anayesafiri na kuwaunganisha watoto wa nyumba moja. Umaskini haufichwi wala haugeuzwi hotuba. Unachukuliwa kuwa mahali ambapo hadithi huanzia.

Jambo la pili ni toni. Msimulizi wa tungo hizi ana ucheshi unaopenda kuwatania wakubwa. Mama anapogomba, tunamsikia mama na tunamwelewa, kwa sababu amechoka. Lakini jicho la utungo liko kwa mtoto. Mamlaka haikataliwi, ila inaulizwa maswali na mtu mdogo aliye ndani ya nyumba hiyo na asiyekusudia kuihama. Tunakuomba, msomaji, uikumbuke nafasi hiyo ya mtoto anayelalamika akiwa mezani kwa mzazi wake. Tutaikuta tena mahali pasipotarajiwa.

Wanawake wa ukoo

Katika diwani ya 1927 umo mfululizo wa mashairi manane uitwao Froyen-lider, yaani mashairi ya wanawake. Katika shairi la kwanza, wanawake wa ukoo wa nafsineni, waliokwisha kufa, wanamjia usiku. Wanamkumbusha kwamba wao waliulinda usafi wa damu ya ukoo kizazi baada ya kizazi, nao wanataka kujua kwa nini yeye anaishi kwa namna nyingine. Nafsineni inawajibu. Hainyamazi, haiwatukani na wala haiwafukuzi. Inakiri kwamba maisha yao ni sehemu ya maisha yake, kama maandishi ya ukurasa uliotangulia, hata pale anapotaka kuuchana ukurasa huo.

Wasomaji wetu wanaufahamu Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa anamuusia bintiye kuhusu dini, adabu na mume. Tumezoea kusikia sauti ya mama, huku binti akiwa nafsinenewa asiyetamka neno. Katika Froyen-lider upande uliokuwa kimya ndio uliopewa usemi. Ulinganishi huu hautaki kuonyesha kwamba mmoja ni bora kuliko mwingine. Tunautaja kwa sababu unatusaidia kuuona upya wa mbinu ya Molodowsky: usia unabaki kuwa usia, unaheshimiwa kama usia, lakini sasa una mjibuji.

Je, nafsineni hii ni Kadya mwenyewe? Wahakiki kadha wamejaribiwa kusema hivyo. Lakini soma mfululizo wote. Sauti inabadilika kutoka shairi hadi shairi. Katika shairi la sita hakuna tena “mimi” anayejibizana na wakubwa. Badala yake, mama wakuu wa Biblia, Sara, Rebeka, Raheli na Lea, wanateremka kuwahudumia wanawake walio chini kabisa katika jamii, wakiwemo mabibi arusi maskini waliokuwa watumishi wa nyumbani. Mtu anayelisoma shairi hili kama shajara ya mwandishi atakosa jambo kuu, ambalo ni mwelekeo wa utakatifu. Utakatifu hapa hausubiri kupandiwa juu hekaluni. Unateremka, unaingia chumba cha mtumishi, na kumkuta akiwa na mikono yenye maji ya kazi.

Molodowsky mwenyewe hakupenda kufungiwa katika chumba cha “washairi wanawake”. Wahakiki wa kiume wa wakati wake walikuwa na tabia ya kuwakusanya wanawake wote katika makala moja, kana kwamba jinsia ni tapo la fasihi. Mwaka 1936, akiwa tayari New York, alichapisha makala ya kupinga uainishaji huo. Hoja yake ingali na maana kwa jarida kama hili. Mara ngapi tumeweka swali la mtihani kuhusu “nafasi ya mwanamke” mbele ya kazi iliyoandikwa na mwanamke, na maswali ya mtindo mbele ya kazi iliyoandikwa na mwanamume?

Mhamiaji na lugha yake

Fasihi ya wahamiaji huzungumzia sana kupotea kwa nchi. Kwa Molodowsky, kilichokuwa hatarini zaidi kilikuwa msomaji. Mwaka 1935 alipoondoka Warsaw, aliacha nyuma shule, mitaa na watoto waliokariri tungo zake. New York ilikuwa na magazeti na majumba ya maonyesho ya Kiyidi, lakini watoto wa wahamiaji walikuwa wakiingia katika Kiingereza kwa kasi. Hali hii ameichora kwa ustadi katika riwaya ya Fun Lublin biz Nyu-York (Kutoka Lublin hadi New York) ya mwaka 1942. Riwaya imeandikwa kwa mtindo wa shajara ya Rivke Zilberg, msichana wa miaka 20 aliyefika Marekani mwishoni mwa 1939 baada ya mamake kuuawa katika mashambulizi ya mabomu. Kadiri siku zinavyosonga, maneno ya Kiingereza yanapenya katika Kiyidi chake, kwanza kama vitu vya kushangaza, baadaye kama vitu vya kawaida. Msomaji anaushuhudia uhamaji katika msamiati kabla ya kuushuhudia katika matendo.

Tena angalia mchezo alioufanya baadaye. Katika miaka ya 1950 Molodowsky aliandika safu kuhusu wanawake mashuhuri wa Kiyahudi katika gazeti la Forverts, na jina la kalamu alilolitumia lilikuwa Rivke Zilberg. Mhusika aliyebuniwa alipewa kazi ya kumbeba mwandishi halisi. Hili litutoshe kama onyo kwa sisi tunaosawazisha nafsineni na mtunzi kwa haraka.

Ipo imani ya kale ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki inayosema kwamba atakapokuja Masihi kutakuwa na madaraja mawili, la chuma na la karatasi. Waovu watalikimbilia la chuma, nalo litavunjika. Wema watavuka kwa lile la karatasi. Molodowsky aliitumia taswira hii ya daraja la karatasi katika ushairi wake, na mfasiri wake aliichukua kuwa anwani ya diwani ya tafsiri. Ni taswira inayomfaa mshairi mhamiaji, ambaye daraja lake pekee la kurudi nyumbani ni kurasa. Lakini kurasa nazo zinahitaji mtu upande wa pili.

Mnamo 1942 upande huo wa pili uliteketezwa. Wajerumani walikuwa wamewafungia Wayahudi wa Warsaw katika geto tangu 1940. Kuanzia tarehe 22 Julai 1942 hadi Septemba mwaka huo, watu wapatao 265,000 walisafirishwa kwa treni kutoka geto hilo hadi kambi ya mauaji ya Treblinka. Uwanja walikokusanywa kabla ya kupakiwa katika mabehewa ulikuwa kwenye Mtaa wa Stawki, karibu na pale unapokutana na Mtaa wa Dzika. Katika nchi nzima ya Poland, Wayahudi wapatao milioni 3 waliuawa.

Soma tena jina la diwani ya 1933. Mtaa ulioandikiwa mashairi ulikuwa umegeuzwa njia ya kuendea mabehewa. Wale watoto wa koti lililorithiwa hawakufikia umri wa kulirithisha.

Sala ya El Khanun

Baada ya safari hiyo sasa tunaweza kulifikia shairi. El Khanun linafungua diwani ya Der melekh Dovid aleyn iz geblibn (Mfalme Daudi peke yake ndiye aliyebaki), iliyotoka mwaka 1946. Kimuundo ni ombi linalojengwa kwa vitenzi vya kuamuru na kusihi. Nafsineni ni ya wingi, “sisi”, na nafsinenewa ni Mungu. Maombi yanapangwa kwa hatua: Mungu achague watu wengine; aitakase nchi nyingine; atazame mataifa mengine na kuwapa wao unabii na siku za ibada; na mwishowe awape waombaji maisha ya kawaida, kisha autwae kutoka kwao ule uwepo wa utukufu aliowawekea.

Tuanze na anwani. Maneno hayo yanatoka katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, pale sifa za Mungu za huruma na fadhili zinapotangazwa mbele ya Musa. Sura mbili kabla ya hapo, baada ya watu kuabudu ndama wa dhahabu, Musa anamwambia Mungu kwamba asipowasamehe watu hao, basi na yeye afutwe katika kitabu chake. Mshairi aliyefunzwa Maandiko na babake hangekosa kulijua hilo. Anwani, basi, inamwita Mungu kwa jina lake la rehema lililotolewa baada ya mtu kumwomba afutwe. Kinaya cha shairi kimo katika anwani yenyewe: anayeitwa Mwenye rehema anaombwa rehema ya kuwaacha.

Mtindo wa kusemezana hivi na Mungu si mgeni katika mapokeo ya Kiyahudi. Abrahamu alibishana juu ya Sodoma. Ayubu alidai kusikilizwa. Yeremia alilalamika kwamba amehadaiwa. Katika karne ya 18, Levi Yitzhak wa Berditchev, kiongozi wa kidini aliyefariki mwaka 1809, alisifika kwa kumpeleka Mungu mashtakani kwa niaba ya watu wake. Kwa hivyo, anayemlaumu Mungu ndani ya mapokeo haya hajatoka nje ya nyumba. Aliyetoka hana haja ya kuomba.

Lakini kama tungeishia hapo tungekuwa tumeeleza mapokeo tu, si mshairi. Kilicho chake Molodowsky kinaonekana mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni hesabu. Shairi linapotaja gharama iliyolipwa na wateule, malipo ni wazee, vijana na watoto wachanga, na kinacholipiwa ni Amri Kumi, tena herufi kwa herufi. Kwa nini herufi? Kuhani angehesabu sadaka, mwanasheria angehesabu vifungu. Anayezigawa amri katika herufi moja moja ni mwalimu wa darasa la kwanza, aliyezoea kumshika mtoto kidole na kukipitisha juu ya kila alama. Taswira hii inauma kwa sababu herufi na watoto walikuwa pamoja katika kazi ya kila siku ya mtunzi. Sasa wamewekwa pande mbili za mizani, na watoto ndio waliotolewa ili herufi zibaki.

Mahali pa pili ni maombi ya mwisho. Nafsineni inaomba mavazi ya kawaida ya wachungaji, wahunzi, wafuaji wa nguo, na watu wa kazi duni kuliko hizo. Wahakiki wengine huisoma orodha hii kama tamko la kukata tamaa, kana kwamba waombaji wanajishusha hadhi. Sisi twaisoma vingine. Wafuaji wa nguo tunawafahamu. Beseni lao tulilikuta katika tungo za watoto. Watumishi tunawafahamu, Sara aliteremka kuwahudumia. Hawa ndio watu wa Mtaa wa Dzika. Anachokiomba mshairi ni mtaa wake urejeshwe, ukiwa na watu wake wote, wakiwa hai, wakifanya kazi zao zisizo na sifa.

Hapo ndipo tunapoona mageuzi makubwa katika ushairi wake. Katika miaka ya 1920 utakatifu uliteremka hadi kwa wanyonge na kuwaheshimu. Mwaka 1945 wanyonge wanauomba upande urudi ulikotoka, ili wao waachwe waishi. Mwelekeo umegeuzwa, lakini kipimo ni kilekile. Tangu mwanzo Molodowsky aliupima utukufu kwa kuuliza umemfanyia nini mtu wa kazi. Kipimo hicho ndicho kinachomlaumu Mungu, nacho ni kipimo alichojifunza katika Maandiko yenyewe.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba kazi zake zote zimefikia kiwango hiki. Kwa maoni yetu, mvutano huu unalegea katika baadhi ya mashairi ya baadaye kuhusu Israeli, yaliyomo katika diwani ya Likht fun dornboym (Nuru ya mti wa miiba) ya mwaka 1965. Nafsineni ya mashairi hayo imefika nyumbani, na mtu aliyefika hana sababu kubwa ya kubishana na mwenye nyumba. Ni mashairi ya heshima, lakini yule mtoto anayelalamika mezani hasikiki sana.

Mbele ya darasa

Turudi kwa mwanafunzi wetu aliyeinua mkono. Usimkemee, wala usimwambie kwamba katika fasihi kila kitu kinaruhusiwa. Swali lake ni la kihakiki, na lina majibu katika matini. Mwombe ataje vitenzi vyote ambavyo nafsineni inamwelekezea Mungu. Muulize kama mtu huomba kwa asiyemwamini. Kisha mpe moja kati ya tungo za watoto, amtafute mfuaji wa nguo, halafu arejee ubeti wa mwisho wa sala na kumtafuta tena. Wanafunzi wakimwona mhusika huyo katika pande zote mbili, watakuwa wamejifunza jambo ambalo muhtasari wa maisha ya mtunzi hauwezi kuwafunza: kwamba shairi moja hupata maana yake kamili ndani ya kazi nzima ya mwandishi.

Jambo la mwisho. Mwaka 1945, ile sala ilipokuwa ikitungwa, tungo zake za watoto zilichapishwa kwa tafsiri ya Kiebrania, wafasiri wakiwemo Lea Goldberg na Nathan Alterman. Utungo mmoja kuhusu kufungua lango ukawa wimbo unaoimbwa na watoto wa Israeli hadi leo, na wengi wa waimbaji hawajui kwamba uliandikwa kwanza kwa Kiyidi kwa ajili ya watoto wa Warsaw. Unapolifundisha El Khanun, mwalimu mwenzangu, tafuta na wimbo huo uwasomee wanafunzi wako siku iyo hiyo. Anza na wimbo.